Mifupa ya Herculaneum: nani alikula samaki?

Volkeno ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK, watu zaidi ya 300 wa mji wa Kirumi wa Herculaneum, huko Italia, walikimbilia mabanda ya mashua pale ufukweni, wakafia humo. Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha York walitoa matokeo ya kupima mifupa ya watu wazima 17 kati yao: wanaume walipata protini ya baharini takriban asilimia 50 zaidi ya wanawake. Tuyaamini?

Mimi nayaamini, ila kwa mipaka. Maandishi ya Kirumi tuliyonayo ni ya wenye mali. Cato, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alieleza posho ya nafaka ya watumwa wa shambani, lakini hakuna mtumwa aliyetuachia habari za sahani yake. Kwenye mfupa habari hizo zimo, ndani ya protini iitwayo kolajeni, iliyojengwa kwa chakula alichokula mtu. Nitrojeni nzito, yaani aina ya nitrojeni ambayo atomi zake zina uzito zaidi kidogo, huongezeka kutoka kwa mmea hadi kwa mbuzi, na kutoka kwa mbuzi hadi kwa anayemla. Samaki wa baharini huzidi, maana huko mkubwa humla mdogo mara nyingi kabla nyavu hazijawafikia. Kaboni nayo, ambayo pia ina aina nzito na nyepesi, hutenganisha ngano na nafaka za jamii ya uwele.

Wenye shaka wana hoja nzito. Kolajeni hueleza protini kuliko wanga na mafuta, kwa hiyo divai na mafuta ya zeituni, ambavyo Mrumi hakuvikosa, havionekani vizuri. Tena kuna samadi: ngano iliyolimwa kwa samadi hubeba nitrojeni nzito zaidi, na mla mkate akaonekana mla nyama. Ndiyo maana watafiti hawa walipima asidi za amino, yaani vipande vinavyojenga protini, moja moja, badala ya kolajeni nzima kwa mkupuo. Na watu 17 ni wachache.

Hata hivyo, Herculaneum ina jambo ambalo makaburi mengi hayana. Makaburini hukutana vizazi tofauti, na wengi waliofikishwa huko na maradhi. Hawa walikuwa majirani walio hai, waliokumbwa na balaa moja. Kama samadi ilikuwa kwenye mkate, ilikuwa kwenye mkate wa wote, mume na mke. Kwa hiyo nasita kuitegemea tarakimu yenyewe, lakini tofauti kati ya wanaume na wanawake sioni sababu ya kuitilia shaka.

Ugumu unaanza tunapouliza sababu. Watafiti wanakisia kwamba wanaume ndio waliovua zaidi, na kwamba watumwa wa kiume waliachwa huru mapema kuliko wa kike, wakaweza kununua vyakula vya bei. Yanawezekana yote mawili. Lakini nani alivua na nani aliachwa huru lini, hayo hayakupimwa kwenye mfupa. Yametoka kwenye maandishi yaleyale ya mabwana.