Mtafute wakili wako kabla ya kutoa arubuni

Katika mauziano mengi ya nyumba hapa Mombasa, wakili ndiye mtu wa mwisho kuitwa. Dalali ameshawazungusha watu kuangalia, bei imeshapatana, arubuni imeshatoka kwa simu au kwa bahasha, na ukoo mzima umeshajua kuwa fulani amenunua nyumba Bamburi. Hapo ndipo mtu anauliza ni nani anayemjua wakili wa kuandika mkataba. Wakili anayeitwa saa hiyo ana nafasi ndogo sana ya kukufaa. Pesa zimeshavuka upande wa pili, na kila swali atakalouliza litaonekana ni la kuchelewesha shughuli.

Utaratibu huu umepinduka, na unawaumiza watu wetu. Anayenunua nyumba anahitaji wakili wake mwenyewe, aliyemchagua yeye na anayelipwa na yeye, tena amwone kabla shilingi moja haijatoka. Ardhi ya Mombasa ina historia nzito, na hati iliyo mkononi mwa muuzaji haikusimulii hata robo yake.

Itazame kesi ya ploti ya ufuoni kule Nyali, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 21 Aprili 2023, baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati. Ilikuwa imenunua kutoka kwa kampuni nyingine, na mtu wa kwanza kugaiwa ploti ile alikuwa Rais wa zamani Daniel arap Moi, mwaka 1989. Mwaka 2017 kaunti ikaja ikabomoa ukuta ili ifungue njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikaenda mahakamani. Ikashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufani, na Mahakama ya Juu nayo ikakubaliana na hizo za chini: eneo lile lilikuwa limetengwa kuwa uwanja wa umma, ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hati zilizofuata hazikuwa na pa kusimama. Hoja ya kwamba kampuni ilinunua kwa nia njema, ikalipa pesa halali, haikuiokoa.

Huo ni uamuzi wa mahakama ya mwisho ya nchi, na ardhi yenyewe iko hapa hapa kwetu. Kila anayenunua nyumba kuanzia Shanzu hadi Likoni unamhusu. Hata kabla ya hapo, kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kilikuwa kimeshasema kwamba hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, au kinyume cha sheria, au kwa kuruka utaratibu, au kwa njia za ufisadi. Kilichofanywa na uamuzi wa 2023 ni kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba ni juu yake kufukua hadi kwenye mzizi wa hati, yaani jinsi ilivyopatikana mara ya kwanza.

Sasa muulize dalali yeyote kama ardhi ni safi, atakujibu kuwa sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, imefanywa. Sachi ni muhimu, sikatai. Inakuonyesha jina la mwenye hati, ukubwa wa ardhi, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Lakini sachi inakueleza hali ya rejista siku ile iliyotolewa. Haikuelezi huyo mwenye jina alilipataje, wala aliyemuuzia alipata kwa nani. Wakili anayeijua kazi yake ataomba historia yote ya usajili, atataka kuiona barua ya ugawaji ikiwa ardhi ilitoka serikalini, atamtuma mpima ardhi akalinganishe mawe ya mpaka na ramani, na ataenda kaunti kuuliza eneo hilo limepangwa kuwa nini. Hayo huchukua muda. Dalali hapendi muda, kwa sababu yeye analipwa siku ya mauzo.

Na sisi watu wa Pwani tuna mambo ambayo mnunuzi wa bara hayajui kabisa. Serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ikawataka watu wa Mwambao wapeleke madai yao ili wasajiliwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Uingereza. Walioelewa utaratibu ule walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima na kuishi pale pale walijikuta ni maskwota juu ya ardhi ya babu zao. Ndiyo maana hadi leo unaweza kununua ploti yenye hati halisi kabisa, ukaenda kuitazama, ukakuta juu yake kuna familia tatu, minazi, kisima na makaburi. Hati ni ya kweli, na watu wale nao ni wa kweli. Wakili ambaye hajakuuliza kama umefika kwenye ploti na nani anakaa pale, mtafute mwingine.

Kisha kuna nyumba bila ardhi. Mgeni akiambiwa nyumba inauzwa Majengo anadhani ananunua nyumba na kiwanja chake. Wenyeji tunajua kwamba nyumba nyingi za Kiswahili zilijengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Unachouziwa ni kuta, paa na nafasi ya kuendelea kulipa. Mwenye ardhi akiamua kuuza, au akifa na warithi wake wakataka kujenga ghorofa, unabaki na kesi. Sisemi watu wasinunue nyumba hizo, maana zimehifadhi vizazi na vizazi vya watu wa mji huu. Nasema bei yake isiwe bei ya nyumba yenye ardhi, na mkataba useme wazi kinachouzwa.

Katika Mji wa Kale na mitaa mingine ya kisiwani jambo la kuangalia ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ili manufaa yake yaendelee kwa waliokusudiwa. Mali iliyowekwa wakfu haiuziki kama mali ya kawaida, hata kama msimamizi wake anakusanya kodi kila mwezi na anaongea kama mwenyewe. Ofisi ya Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa. Kuuliza ni rahisi.

Linaloniuma zaidi ni nyumba za mirathi. Mzee amefariki, ameacha watoto sita, mmoja amekaa na funguo na hati iko kabatini kwake. Anauza. Mnunuzi anaona ni mtoto wa marehemu, majirani wanamjua, basi anatoa pesa. Mwaka haujaisha, dada aliyeolewa Malindi anakuja na wakili. Mrithi mmoja hawezi kuuza mali ya marehemu kabla mirathi haijapita mahakamani, iwe kwa Kadhi, kwa hakimu au Mahakama Kuu, na usimamizi ukathibitishwa na mgao ukajulikana. Wakili wa mnunuzi angelijua jambo hilo kwa kusoma jina tu: hati ina jina la marehemu, anayeuza ana jina jingine, basi leteni karatasi za mahakama. Nimeona ndugu wa tumbo moja wameacha kusalimiana kwa sababu ya nyumba iliyouzwa namna hii, na mnunuzi naye akiwa amepoteza akiba yake yote. Swali moja lingewaokoa wote.

Nazijua sababu za watu kukwepa wakili. Ya kwanza ni gharama. Ada za mawakili kwa kazi ya kuhamisha umiliki zimewekewa viwango kisheria, na zinafuata thamani ya mali, kwa hiyo unaweza kujua kiasi mapema ukiuliza. Gharama nzito zaidi ni ushuru wa stempu, unaolipwa serikalini umiliki unapohamishwa: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini. Nyumba ya shilingi milioni 8 ni shilingi 320,000, na hiyo ni juu ya mnunuzi. Wapo wanaoshauriana waandike bei ya chini kwenye mkataba ili ushuru upungue. Mthamini wa serikali ndiye anayetazama thamani, na zaidi ya hapo, mauziano yakivunjika utadai pesa gani mahakamani ikiwa karatasi inasema nusu ya ulichotoa?

Sababu ya pili ni kwamba muuzaji tayari ana wakili, "huyo huyo atatufanyia sote." Hapa nitasema bila kuzunguka: wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Anaweza kuwa mtu mwaminifu, mcha Mungu, na bado kazi yake ni kuhakikisha mteja wake analipwa. Siku utakapogundua kuna kasoro, atasimama upande gani? Hali huwa mbaya zaidi dalali akikuletea wakili wake. Kwa ghorofa mpya za Nyali na Kizingo, mjenzi hukupa mkataba uliokwisha kuchapishwa na kukuambia kila mnunuzi ametia sahihi. Mpelekee wakili wako ausome. Aangalie kama hati ya ardhi nzima imewekwa rehani benki, kama benki imekubali kuiachilia sehemu yako ukimaliza kulipa, na kama utapata hati ya nyumba yako mwenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 inayohusu majengo yenye wamiliki wengi.

Sababu ya tatu ni ile karatasi ya kwa chifu au mzee wa mtaa. Nawaheshimu wazee wetu, na ushahidi wao juu ya nani amekaa wapi una thamani kubwa. Ila umiliki hauhamishwi kwa muhuri wa chifu. Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili, na sahihi zishuhudiwe. Baada ya hapo hati ya uhamisho lazima isajiliwe. Ukikaa na karatasi ya chifu miaka kumi, rejista bado inamtambua yule aliyekuuzia, na anaweza kumuuzia mwingine.

Muuzaji naye asijione yuko salama. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15, kutoka asilimia 5 iliyokuwapo, na ni mzigo wa muuzaji. Aliyenunua kwa milioni 3 na anauza kwa milioni 8 ajue hesabu hiyo kabla hajakubali bei. Vilevile nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke mwenziwe. Na hati asiiachie mikononi mwa dalali. Inapitia kwa mawakili, wa kwake akipokea ahadi ya maandishi kutoka kwa wakili wa mnunuzi au benki kwamba pesa zitalipwa umiliki ukishahamishwa.

Wapo mawakili wabaya, hilo halifichiki, na wengine wamekula pesa za wateja. Kwa hiyo jina lake lihakikishe kwa Chama cha Mawakili cha Kenya, uone kama ana cheti cha kufanya kazi ya uwakili cha mwaka huu. Akikukosea, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kuna mahakama ya nidhamu inayoweza kumfuta kazi. Dalali akikimbia na arubuni yako utamshtaki wapi? Utaanza na kituo cha polisi, ukiwa na namba ya simu iliyozimwa.

Hili nawaandikia hasa vijana wetu walioko Saudia, Qatar na Dubai, wanaotuma pesa kwa kaka au mjomba ili wanunuliwe nyumba Kisauni. Mpendeni mjomba, lakini pesa za nyumba zipitie kwa wakili. Mpatie maagizo kwa maandishi. Akueleze atazishika kwenye akaunti gani, atazitoa lini na kwa sharti gani. Kama kuna mtu atatia sahihi kwa niaba yako, hati ya uwakilishi iandikwe kwa nyumba hiyo moja tu na isajiliwe. Na hati mpya ikitoka, jina lililo juu yake liwe lako.