Vitone vya kwantamu: unafuu wa kamera za infraredi una masharti

Silikoni, iliyo ndani ya kamera za simu zetu, haioni kitu urefu wa wimbi la mwanga ukishavuka takriban nanomita 1,100, ndani ya infraredi. Ng'ambo ya hapo maji huonekana meusi, na tofaa lililopondeka chini ya ganda hufichua doa lake. Kwa miongo kadhaa kazi ya kuona huko imefanywa na indiamu-galiamu-aseniki, ambayo hufika nanomita 1,700. Fuwele yake hukuzwa tabaka kwa tabaka, kisha kila pikseli huunganishwa na chipu ya silikoni kwa kidonge cha indiamu. Haishangazi kwamba bei yake ni kubwa.

Vitone vya kwantamu, yaani chembe za fuwele zenye upana wa nanomita chache, hapa za salfidi ya risasi, vimekuja na njia nyepesi. Oksidi ya risasi huchemshwa na asidi ya oleiki, salfa inaingizwa ghafla, na mchuzi unageuka mweusi. Vitone vikiachwa vikue, vinanasa mawimbi marefu zaidi. Vikizuiwa mapema, mafupi. Halafu vinamwagwa juu ya chipu moja kwa moja. Hapa watetezi wake wana haki kabisa, na soko limeshawasikia: SWIR Vision Systems ya North Carolina iliuza kamera za aina hii, na mwaka 2024 ikanunuliwa na onsemi, kampuni ya chipu ya Marekani.

Ila elektroni ndani ya utando huo hurukaruka kutoka kitone hadi kitone, si kama ndani ya fuwele ambako njia ni nyeupe. Kwa hiyo kihisi huwa kizito kuitikia, na mkondo unaovuja gizani huficha mwanga hafifu. Hewa nayo huoksidisha vitone. Matangazo hayapendi kuligusa hilo.

Kuhusu risasi, metali yenye sumu, husemwa kwamba utando ni mwembamba mno usidhuru. Sheria ya Ulaya ya RoHS, inayodhibiti vitu vya sumu katika vifaa vya umeme, haiangalii hivyo: kikomo cha asilimia 0.1 hupimwa katika kila nyenzo peke yake, na sehemu kubwa ya uzito wa utando huu ni risasi. Kweli, aseniki ya washindani nayo si asali. Ndiyo maana maabara kama ICFO, taasisi ya sayansi ya mwanga karibu na Barcelona, zinajaribu vitone visivyo na risasi, vya teluraidi ya fedha.

Kiwanda cha kuchambua matunda kisisite kununua vitone leo. Darubini ya angani ya James Webb ilipewa vihisi vya fuwele ya zebaki-kadimiamu-teluraidi iliyopozwa, na nisingebadilisha uamuzi huo. Kwenye simu, inayoishia jalalani baada ya miaka michache, ningesubiri visivyo na risasi.