Maziwa hayaoshi risasi

Kila jioni baba alirudi na pakiti ya maziwa ya nusu lita. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya betri kuukuu huku Changamwe, Mombasa: kupasua betri za magari, kutoa zile sahani za madini ya risasi, kuziyeyusha upya. Bosi alimpa kila mfanyakazi pakiti moja kwa siku, eti yaoshe sumu kifuani. Baba hakuyanywa. Alituletea sisi. Tulimkimbilia mlangoni, mdogo wangu akimrukia shingoni, na kwenye mikunjo ya ovaroli yake vumbi la kijivu lilikuwa limeganda. Mama aliifua ovaroli ile beseni moja na sare zetu za shule.

Desturi hii ya kuwapa watu maziwa badala ya kinga naiona hadi leo, kwa wapaka rangi, kwa wachomeleaji, kwa vijana wa betri. Mara nyingi hutolewa kwa nia njema, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu anayepewa huamini ameshakingwa. Nasema ikome.

Tatizo liko ndani ya seli zenyewe. Risasi ikiingia mwilini haionekani mgeni. Chaji yake ya umeme ni sawa na ya kalsiamu, kwa hiyo hupenya kwenye milango iliyokusudiwa kalsiamu. Seli za neva huitegemea kalsiamu kupelekeana ujumbe, na risasi ikishika nafasi hiyo ujumbe huvurugika. Katika uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, kuna kimeng'enya kinachofanya kazi kwa msaada wa zinki. Risasi huing'oa zinki, ikakaa yenyewe, na utengenezaji wa himoglobini ukakwama. Mtu huchoka, damu hupungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu, kisha asubuhi akarudi kazini palepale.

Baba alilalamika sana tumbo kusokota na choo kigumu. Hizo ni dalili za risasi zinazojulikana tangu zamani. Alitibiwa vidonda vya tumbo miaka na miaka, na hakuna siku hata moja aliyopimwa risasi kwenye damu, ingawa kila aliyemtibu alijua anafanya kazi gani.

Maziwa nisiyasingizie. Mwili wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi tumboni, na aliyeshinda na njaa hufyonza nyingi. Kula vizuri kunasaidia. Lakini moshi na vumbi laini havingoji kupita tumboni. Huingia mapafuni, kisha damuni. Kutoka hapo risasi hufuata njia ya kalsiamu hadi kwenye mifupa, ikakaa humo miaka 20 na zaidi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake ikitoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, hutoa na risasi pamoja. Hata maziwa ya mama huweza kuibeba. Na mtoto ndiye anayeumia zaidi: mtu mzima akimeza risasi, mwili hufyonza takriban sehemu 1 kwa 10, mtoto mdogo aweza kufyonza nusu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Dawa za kuvuta risasi kutoka damuni zipo, lakini akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika hairudishwi na dawa wala na fidia.

Ninachotaka kwa wenye karakana si kikubwa. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe huko huko. Pawe na maji na sabuni kabla ya chakula na kabla ya kwenda nyumbani. Vumbi lilowekwe maji kabla ya kufagiwa, na kila fundi apimwe damu mara kwa mara. Maziwa yaje baada ya hayo yote.

Mwezi uliopita nilimkuta mjomba uani kwake Likoni, ameweka sufuria kuukuu juu ya seredani, anayeyusha risasi ya betri atengeneze chubwi, vile vizito vya mshipi wa kuvulia samaki. Wajukuu walikuwa wamechuchumaa pembeni wakiitazama inavyong'aa. Nilimwamkia, nikamsihi aizime. Akasema babu yake alikuwa akizibana chubwi kwa meno na aliishi hadi uzeeni. Lakini alinisikiliza, akaiepua, kisha akawageukia watoto: "Haya, nendeni mkanywe maziwa."

Niliwapeleka bombani kwanza. Tulisugua kwa sabuni hadi kwenye viwiko, tukarudia, hadi maji yakaacha kutoka ya kijivu.