Orlando Wanauza Mikono, Nyumbani Tunayo Bure

Kila mwaka ukianza tu, Watanzania tunaoishi huku Marekani, jimbo la Georgia, tunaulizana swali lile lile: mwaka huu unawapeleka watoto Orlando? Orlando ndiko Florida kwenye bustani za michezo za Disney. Kutoka Atlanta ni kilomita mia saba hivi, barabara nzuri tupu, gari linafika kabla jua halijazama. Kisingizio cha nauli ya ndege hakipo. Na watoto wakirudi shule baada ya likizo wanakuta wenzao wamevaa masikio ya panya kichwani, basi jioni unaulizwa swali ambalo halina jibu fupi.

Nina maoni yangu kuhusu safari hii, na najua yatawaudhi wengine wa huku na wengine wa nyumbani. Sisi wa huku tunaipanga kama tunakwenda vitani. Ninyi wa nyumbani mnatuonea wivu kwa picha za kasri na fataki, wakati kitu cha kuonea wivu kiko mahali ambapo hakuna anayepigia picha.

Hela kwanza, maana huko ndiko mazungumzo yote yanakoishia. Walt Disney World si bustani moja. Ziko nne: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Bei ya tiketi hupanda na kushuka kufuatana na tarehe, na msimu wa Krismasi wa 2025 siku moja ya Magic Kingdom ilifika dola 199 kwa mtu mzima. Mtu mzima kwao anaanzia miaka kumi. Wa miaka mitatu hadi tisa anapunguziwa kidogo sana, yaani punguzo la kukutia hasira. Wa chini ya mitatu haingii kwenye hesabu. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, siku kama hiyo, wanakaribia dola 800 hata gari halijaegeshwa. Mama yangu alipotajiwa bei alinyamaza, kisha akauliza kama hiyo siyo hela ya kupaulia. Sikumjibu. Ukizidisha kwa siku tatu, ni ya kupaulia.

Halafu kuna foleni. Zamani kulikuwa na utaratibu wa kukata zamu bila malipo, ulioanza mwaka 1999, ukafa na korona. Kuanzia Oktoba 2021 kupita njia ya mkato ni kwa kulipia, na tangu 2024 huduma yenyewe inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Aliyelala kwenye hoteli zao anaruhusiwa kuchagua michezo siku saba kabla, wa hoteli za nje siku tatu, na bei hutegemea siku. Nyumbani ukimpa mtu chochote ili upite mbele ya wenzako tunajua tunakiitaje na tunajua ofisi ya kukuripoti. Huku kina programu yake kwenye simu na risiti unatumiwa.

Kwa nini watu wenye akili zao wanakubali yote haya? Jibu langu ni likizo, namaanisha likizo ya kazini. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kukupa hata siku moja ya mapumziko yenye malipo. Unapewa kwa mapatano, na wengi ninaowafahamu wana wiki mbili kwa mwaka, ukitoa humo siku za mtoto kuumwa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo. Najua kuna waajiri wanaoikanyaga, na najua waliojiajiri hawana wa kuwapa likizo. Hata hivyo, mtu aliyezoea kwamba mapumziko yana mwezi mzima hupumzika kwa namna nyingine kabisa na mtu mwenye siku tano. Mwenye siku tano huzibana. Anataka bustani zote nne, na ya maji juu yake, na picha na kila mwanasesere, na watoto waamshwe saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana ukifika pale saa nane mchana unaona wazazi wanagombana kwa sauti za chini karibu na mabanda ya aiskrimu, na watoto wamelala hoi kwenye vigari jua la Florida likiwapiga.

Lakini ngoja nisifie, kwa sababu wanastahili.

Ukienda na mtoto mdogo, kila bustani ya Disney ina nyumba ya kuhudumia watoto wachanga. Ndani kuna mahali pa kunyonyeshea pa faragha, meza za kubadilishia pampasi, viti virefu vya kulishia, tanuri ya kupashia chakula, na pampasi na maziwa ya kununua kama yako yamekwisha. Kwenye michezo mikubwa kuna utaratibu uitwao Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto asiyefikia kimo, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Kimo chenyewe kimetangazwa wazi, mtoto anapimwa kwenye kibao mlangoni na hakuna wa kubembelezwa. Mchezo wa Seven Dwarfs Mine Train ni kuanzia sentimeta 97, Space Mountain 112, TRON 122. Mgahawani ukiomba maji ya baridi unapewa kikombe bila kulipa. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho, ilimradi si chupa za vioo wala pombe, kwa hiyo wali wako wa jana hauna wa kuuzuia.

Nimekaa nikajiuliza watu hawa walijuaje kwamba nahitaji vitu hivi, nikapata jibu. Wamejua kwamba nimekuja peke yangu. Mimi na mume wangu, mikono minne, watoto watatu, na hakuna mwingine. Familia zao wenyewe ziko hivyo, nao wakajenga kwa kuzifuata. Ile nyumba ya kunyonyeshea ni shangazi. Rider Switch ni dada wa kazi anayekushikia mtoto ukaogelee kidogo. Kigari cha kukodi getini ni mgongo wa bibi na kanga yake. Vyote vimewekwa ndani ya tiketi au vinalipiwa pembeni, na mimi mtu wa mbali navinunua kwa moyo mmoja.

Sasa nenda na watoto wachanga ufukweni au kwenye michezo ya maji nyumbani. Sitataja pahala. Likizo iliyopita tulikwenda watu kumi na zaidi, na shangazi, na mabinamu, na watoto wa jirani waliojipakia wenyewe. Watoto wangu hawakugusa chini. Walikuwa wanapokezana kwapani kwa watu tangu asubuhi, na wa mwisho alilala mgongoni kwa mtu ambaye mpaka leo sina hakika undugu wetu unaanzia wapi. Nilikula chakula cha moto tangu mwanzo hadi mwisho. Mama yeyote mwenye mtoto wa mwaka mmoja ughaibuni anisome mara mbili hapo.

Lakini nilipotaka kubadilisha pampasi, nilielekezwa kiti cha plastiki nyuma ya jiko. Choo kilikuwa na maji hadi mlangoni. Hakuna aliyempima mtoto kimo kwenye mteremko wa maji, kijana wa zamu alimtazama tu akasema "huyu anaweza". Nilipouliza sehemu ya kunyonyeshea, mhudumu alicheka kwa upole, akaniambia nikae popote, kwani kuna nani? Kweli, hakukuwa na tatizo, wifi alisimama mbele yangu na kanga yake. Na hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mwenye ukumbi hana haja ya kujenga chumba kwa sababu wifi yupo. Wingi wa mikono yetu umewafanya wenye kumbi kuwa wavivu, na sisi tumewasamehe bila kujua kwamba tunasamehe.

Mtaniambia, basi si bora mikono kuliko chumba? Bora, kabisa. Ila mikono inapungua huko huko nyumbani. Wadogo zangu wawili wanaishi Dar es Salaam, mmoja Mbezi na mwingine Kigamboni, na kuonana ni mpaka wapange kwenye simu wiki nzima kabla kwa sababu ya foleni za magari. Dada wa kazi wa siku hizi naye ana siku zake za kupumzika, na ni haki yake. Mama kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, Jumamosi, bila shangazi, yuko sawa na mimi niliyeko Florida, isipokuwa mimi nimewekewa meza na yeye hakuwekewa.

Kwa wenzangu wa huku mnaopanga kwenda, nasema hivi, tena kwa ukali kidogo. Kama watoto wako wako chini ya miaka mitano, chagua bustani moja, siku moja, mbili zikizidi. Wakilala mchana nyumbani, walale mchana na huko, rudini hotelini saa saba mtoke tena jua likipoa. Juni hadi Agosti mvua za radi hupiga karibu kila alasiri, kwa hiyo hupotezi kitu. Pima kimo cha mtoto ukutani kwako kabla hujamwahidi mchezo wowote, maana machozi ya mtoto aliyekataliwa mlangoni hayana fidia. Na si lazima iwe Disney. Legoland ya Winter Haven, iliyofunguliwa mwaka 2011, imetengenezwa kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili, na jirani yake tangu 2022 kuna bustani ya Peppa Pig ambamo wa miaka mitatu ndiye mfalme. Epic Universe, bustani ya kampuni ya Universal iliyofunguliwa Mei 2025, inasifiwa sana, lakini kwa wa umri huu mimi ningesubiri.

Kuna wanaosema usimpeleke mtoto wa miaka miwili, hatakumbuka. Siikubali hoja hii hata kidogo. Kwetu nani alishawahi kumwacha mtoto nyumbani asiende harusini kwa sababu hatakumbuka? Mtoto anakwenda kwa sababu watu wake wamekwenda. Kama kweli huna hela, sema huna hela, hiyo ni sababu ya heshima na wengi wetu tunayo.

Na Animal Kingdom nayo lazima niiseme, maana picha zake ndizo mnazonicheka kwenye kundi la ukoo. Ndani yake wamejenga kijiji cha Afrika Mashariki cha kubuni, kinaitwa Harambe, kuta zimechakazwa makusudi, mabango ya Kiswahili kila kona. Unapanda lori la Kilimanjaro Safaris unazungushwa kwenye eneo la hekta zipatazo 45, unaona twiga wa kweli na mibuyu ya bandia. Hoteli ya jirani ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, migahawa yake ni Boma, Jiko na Sanaa, na moja ya mbuga unazozitazama ukiwa kwenye baraza la chumba chako wameiita Arusha. Chekeni. Mimi pia nilicheka, mpaka binti yangu aliyezaliwa Georgia, ambaye Kiswahili nakitoa mdomoni mwake kwa koleo, alipoanza kusoma mabango kwa sauti na kuwatafsiria Wamarekani waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni. Siku hiyo hela yangu niliihesabu imerudi.

Tena nitawapa jingine la kucheka: tembo wa kwanza niliyemwona ana kwa ana maishani mwangu nilimwona Florida. Kwetu ni Tanga, njia yetu haipiti Hifadhi ya Mikumi. Abiria wa basi la Iringa au Mbeya huwaona twiga dirishani bila kulipa senti, kwa kuwa barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, lakini ni wangapi wetu tuliwahi kushuka na watoto? Kutoka Dar ni kilomita mia tatu hivi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro kwa muda wa saa mbili, na kwenye hifadhi za taifa watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi kiingilio. Yaani safari ambayo Disney wameiigiza kwa saruji ipo, ni rahisi mara nyingi kuliko yao, na familia nyingi za Dar zinaiona ni mambo ya wazungu.

Juni ijayo tunakuja, Mikumi tutakwenda. Mimi nimeshawaambia ndugu wajiandae, shangazi amekubali kwa sharti la kukaa dirishani. Na wewe mwenye hoteli au ukumbi wa michezo unayesoma hapa, orodha yangu ni fupi: chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, meza ya kulaza mtoto, bomba la maji na sabuni, kiti chenye egemeo, kibao cha kimo kwenye mteremko, na kijana wa zamu aliyeelezwa kwamba kibao kikisema hapana, ni hapana hata kwa mtoto wa bosi. Kivuli kwenye foleni ukiweza. Fataki baki nazo.