Kisomaji kimoja, nyuzi mia: nani afunge faharasa?

Mabishano kuhusu faharasa ya utafutaji ndani ya programu ya wavuti huanza mara nyingi na swali lililokwisha kujibiwa: je, nyuzi (threads) nyingi za seva, kila moja ikihudumia ombi lake, zinaweza kutumia kisomaji kimoja kwa wakati mmoja? Kwa Apache Lucene, maktaba ya Java iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na ambayo injini za utafutaji Solr na Elasticsearch zimejengwa juu yake, zinaweza. IndexReader (kisomaji), IndexSearcher (kitafutaji) na IndexWriter (kiandishi) zote huhimili nyuzi nyingi bila kufuli la ziada kutoka kwako. (QueryParser, inayogeuza maneno ya mtumiaji kuwa swali, haihimili. Wengi huiweka kwenye kigezo cha pamoja kwa kudhani ni sawa na wenzake, kisha wanashangaa maswali ya watu yanapochanganyika.)

Kinacholeta vurugu ni kufunga. Kisomaji ni picha ya faharasa kama ilivyokuwa kilipofunguliwa. Hati zilizoongezwa baadaye hakizioni kamwe. Kwa hiyo lazima ufungue kipya mara kwa mara, na cha zamani usipokifunga kinaendelea kushikilia faili. Ukikifunga mapema mno, uzi uliokuwa katikati ya utafutaji unapata AlreadyClosedException. Hapo ndipo kambi mbili zinapoachana.

Kambi ya kwanza inasema: kila ombi lifungue kisomaji chake, likimaliza likifunge. Usiidharau. Hakuna kinachoshirikiwa, kwa hiyo hakuna cha kugombaniwa. Ombi linaona kila kilichothibitishwa kwa commit (amri ya kuhifadhi mabadiliko diskini) hadi sekunde lilipoanza, na ombi likiharibika linajiharibu lenyewe tu. Msimbo unasomeka na mtu aliyejiunga na timu jana.

Gharama yake inajitokeza trafiki inapopanda. Kufungua kisomaji ni kusoma orodha ya vipande vya faharasa, kisha kufungua faili za kila kipande na kupakia vichwa vyake. Kache ya maswali nayo imefungwa kwenye vipande vilivyofunguliwa, kwa hiyo kila ombi linaanza na kache tupu. Halafu kuna vikomo vya mfumo endeshi. Tuseme faharasa ina vipande 20 na kila kimoja kinashika faili 5: kila ombi linashika faili 100. Kwenye Linux, mchakato ukiwa na kikomo cha faili 1024, maombi 11 ya wakati mmoja yanatosha kukivuka ikiwa unatumia NIOFSDirectory, njia ya Lucene ya kusoma inayoacha kila faili wazi. MMapDirectory hufunga faili baada ya kuiramani kwenye kumbukumbu, kwa hiyo inakwepa kikomo hicho, lakini inakutana na kingine, vm.max_map_count, ambacho kwa miaka mingi kimewekwa 65530. Ni kikubwa zaidi, ila bado ni kikomo.

Kambi ya pili inashirikisha kisomaji kimoja kwa maombi yote. Kwa kasi inashinda bila ubishi. Kwa usalama inategemea imetekelezwaje, na njia mbili zinazotungwa haraka zote zina kasoro.

Ya kwanza ni kuelekeza kigezo cha pamoja kwenye kisomaji kipya kisha kufunga cha zamani baada ya muda, labda sekunde 30. Inafanya kazi hadi siku swali moja zito litakapochukua sekunde 40. Kwenye matoleo ya zamani ya Java, kufunga faili iliyoramaniwa huku uzi mwingine unaisoma kuliweza kuangusha JVM (mashine inayoendesha programu ya Java) nzima, si ombi moja tu. Lucene ikitumia mbinu mpya ya kumbukumbu ya Java 21, kosa hilohilo linaishia kuwa hitilafu ya kawaida unayoweza kuidaka.

Ya pili ni ReentrantReadWriteLock: utafutaji unashika kufuli la kusoma, na uzi wa kuhuisha, unaobadilisha kisomaji cha zamani kwa kipya, unashika la kuandika. Ni salama kweli, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini uzi wa kuhuisha ukifika, unangoja utafutaji wote ulioanza uishe, na maombi mapya kwa kawaida yanapanga foleni nyuma yake. Swali moja la sekunde 5 linakuwa msongamano wa sekunde 5 kwa kila mtu. Ukiongeza nyuzi za seva ili kupunguza foleni, unachopata ni foleni ndefu zaidi.

Njia inayobaki ni kuhesabu watumiaji. Kisomaji huzaliwa na hesabu ya 1, ambayo ni ya mwenye nacho. Kila anayekitumia anaongeza moja na akimaliza anapunguza moja. Ikifika 0 kinajifunga. Mtego uko kwenye nukta moja: kati ya kusoma kigezo na kuongeza hesabu, hesabu inaweza kuwa imeshafika 0. Ndiyo maana kuna tryIncRef, inayorudisha “hapana” badala ya kufufua maiti, nawe unarudi kusoma kigezo upya. SearcherManager, darasa la Lucene lenyewe, inakufanyia haya yote, na sioni sababu ya kuyaandika mwenyewe:

IndexSearcher kitafutaji = meneja.acquire();
try {
    TopDocs matokeo = kitafutaji.search(swali, 20);
    // soma sehemu zote za hati unazohitaji hapa hapa
} finally {
    meneja.release(kitafutaji);
    kitafutaji = null;
}

Kila mstari hapo una kazi. acquire iko nje ya try kwa sababu ikishindwa hakuna cha kurudisha. Ule null wa mwisho unazuia mtu atakayeongeza mistari chini asikitumie kitu kisicho chake tena. Na maoni ya katikati yanahusu kosa linalosumbua kuliko yote: kurudisha kitafutaji, kisha kuupa ukurasa orodha ya matokeo ambayo hati zake zitasomwa baadaye, ukurasa unapochorwa. Kwenye kompyuta ya msanidi hilo halishindwi kamwe, kwa kuwa hakuna anayehuisha faharasa katika zile milisekunde chache. Kwenye seva linashindwa mara moja katika maelfu, na kumbukumbu za makosa hazisemi kwa nini.

Hoja nzito ya kambi ya kwanza ni hii: kuhesabu kunageuza kosa la mmoja kuwa adhabu ya wengi. Asiyerudisha anavujisha. Faili zilizokwisha kufutwa zinaendelea kula diski, na lsof, zana inayoorodhesha faili zilizo wazi, itakuonyesha zile zilizoramaniwa zikiwa na alama ya DEL. Anayerudisha mara mbili ni hatari zaidi, kwani anapunguza hesabu ya mwenzake, na hitilafu inatokea kwenye ombi lisilo na kosa lolote. Hoja hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuweka acquire na release mahali pamoja katika programu nzima, ndani ya mbinu inayopokea kazi ya kufanya na kurudisha jibu lililokamilika, ili wasanidi wengine wasiziguse.

Kuna kosa ambalo haliangushi chochote, na kwa hiyo ni baya kuliko yote yaliyotangulia. Namba ya ndani ya hati ina maana kwa kisomaji kilichoitoa tu. Ukiitunza kwenye kikao cha mtumiaji ili uendelee na ukurasa wa pili, na katikati vipande vimeunganishwa, utamwonyesha hati nyingine kabisa bila onyo. Tunza kitambulisho chako mwenyewe, au tumia SearcherLifetimeManager, inayokupa tokeni ya kukirudia kisomaji kilekile, kisha uvipogoe mara kwa mara vilivyozeeka.

Upande wa kuandika una mjadala mfupi: IndexWriter moja kwa kila faharasa, kwa uhai wote wa programu. Ya pili itakataliwa na faili ya write.lock kwa LockObtainFailedException, jambo linaloonekana sana wakati toleo jipya la programu linawashwa kabla la zamani halijazima. Usiifute faili hiyo kwa mkono. Kwa NativeFSLockFactory kufuli linashikwa na mfumo endeshi na huachiliwa mchakato ukifa, kwa hiyo faili kuwepo peke yake hakumaanishi kitu. Na kama kweli imeshikwa, kuifuta ni kubomoa kinga. Usiite commit kwa kila hati pia, kwa sababu inalazimisha data ifike diskini. Kisomaji kilichofunguliwa kupitia kiandishi huona hati mpya kabla ya commit, kwa hiyo uzi mmoja wa nyuma unaoita maybeRefresh (inayofungua kisomaji kipya faharasa ikibadilika) kila sekunde 1 unatosha mahitaji mengi, na commit ifanywe kwa nafasi zaidi. Gharama ya nafasi hiyo ni kwamba umeme ukikatika utaandika upya yote yaliyofuata commit ya mwisho.

Kushirikisha kuna udhaifu mwingine usiotajwa vya kutosha. Ukikata ombi lililochelewa kwa Future.cancel(true) huku NIOFSDirectory ikisoma, Java inafunga faili yenyewe, na nyuzi nyingine zote zinazoisoma zinapata ClosedChannelException. Tumia MMapDirectory, au weka ukomo wa muda ndani ya utafutaji. Vilevile, diski ikijaa au kumbukumbu ikiisha, kiandishi kinaweza kujifunga chenyewe na kukataa kila kinachofuata. Programu isiyokagua getTragicException itarudia kujaribu hadi asubuhi.

Kambi ya kwanza basi inabaki na nafasi gani? Kazi za usiku, zana za msimamizi, faharasa ndogo yenye maombi machache kwa dakika: fungua, tumia, funga. Na kama faharasa haibadiliki kabisa programu ikiwa hewani, kambi zote mbili zimepitwa: fungua kisomaji kimoja, shirikisha, usihesabu chochote, funga wakati wa kuzima. Kwingineko ningechagua SearcherManager na kuzima kwa mpangilio: simamisha maombi mapya, simamisha uzi wa kuhuisha, funga meneja, kisha kiandishi, mwisho saraka.

Ukitaka kujua kama kuna anayevujisha, zima uzi wa kuhuisha, piga programu kwa maombi mengi kwa dakika chache, yaache yote yaishe. Ita acquire mara moja na usome getRefCount ya kisomaji. Inapaswa kuwa 2: moja ya meneja, moja yako. Ikiwa 3 au zaidi, kuna njia ya msimbo isiyorudisha. Ikiwa acquire yenyewe inatupa IllegalStateException, kuna inayorudisha mara mbili, na hiyo itafute kwanza.