Mlumbi wa Athens na hoja yenye jina

Wengi tuliosoma habari za Ugiriki ya kale tulizipokea mikononi mwa mwanafalsafa Plato, na Plato hakuwapenda walumbi, yaani wasemaji waliosimama kuushawishi umma. Katika mazungumzo yake yaitwayo Gorgias, mlumbi anafananishwa na mpishi anayejidai mganga. Wasimamishe mpishi na mganga mbele ya watoto, huyu na vyakula vyake vitamu, yule na dawa yake chungu, uwaachie watoto waamue nani anajua kilicho bora: mganga atakufa njaa. Mfano huo umetukaa vichwani. Ndiyo sababu Athens ya karne ya 5 na ya 4 KK husimuliwa mara nyingi kama mji wa watoto wazima, walioburutwa na midomo mitamu mpaka wakajiangamiza.

Mfano ni mkali na una ukweli ndani yake. Lakini umeacha nje jambo moja ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mpishi wa Athens aliweza kushtakiwa kwa chakula alichopika. Jina lake lilibaki kwenye chungu, na kwa mwaka mzima raia yeyote aliweza kumfikisha mahakamani.

Tazama jinsi kazi ilivyokuwa. Mkutano wa raia, Ekklesia, ulikaa kwenye kilima cha Pnyx, magharibi ya Akropolis, mara 40 kwa mwaka katika karne ya 4 KK. Mambo mengine, kama kumpa mgeni uraia, yalihitaji akidi ya watu 6,000. Kabla ya mjadala mpiga mbiu alitamka laana juu ya yeyote atakayeuhadaa umma, kisha akauliza: nani anataka kusema? Hapakuwa na chama cha kujificha nyuma yake, wala waziri wa kumtupia lawama. Aliyetoa hoja aliitoa kwa jina lake. Maazimio yaliyochongwa kwenye mawe bado yapo, na mstari ule unarudi katika jiwe baada ya jiwe: fulani alisema. Hawakuandika kwamba serikali imeamua au kikao kimeridhia. Waliandika kwamba mtu fulani alisema, kisha likafuata azimio lenyewe. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo katika hesabu hiyo ya watu, na hilo ni doa ambalo utetezi wangu haulifuti.

Sheria iliyolipa jina hilo makali yake iliitwa graphe paranomon, yaani shtaka la hoja iliyovunja sheria. Tunaikuta ikitumika kuanzia mwaka 415 KK. Raia aliapa kwamba hoja fulani inapingana na sheria za mji, na hapo hapo azimio likasimama, hata kama umma ulikwisha kulipigia kura, mpaka kesi isikilizwe mbele ya waamuzi wasiopungua 501 waliopatikana kwa bahati nasibu. Mtoa hoja akishindwa, azimio lilifutwa na yeye akatozwa faini, ambayo iliweza kuwa ndogo au ya kumfilisi kabisa. Akishindwa mara tatu, alipoteza haki ya kutoa hoja. Mwaka ukipita tangu hoja itolewe, azimio bado liliweza kufutwa, lakini mwenyewe alikuwa salama. Mashtaka haya hayakuwa nadra. Mlumbi Aeschines anasimulia kwamba Aristophon, mwanasiasa mkongwe, alijigamba kuwa ameshtakiwa kwa sheria hii mara 75 na hajatiwa hatiani hata mara moja.

Mara 75! Hata tukipunguza kidogo kwa ajili ya majigambo ya mzee, mtu huyo aliishi maisha yake ya siasa mguu mmoja Pnyx na mwingine mahakamani.

Kuna kipengele kingine ambacho wachambuzi hukipita mbio. Mshtaki naye alibanwa. Asipopata angalau moja ya tano ya kura za waamuzi, alitozwa drakma 1,000 na kunyimwa haki ya kufungua tena shtaka la aina hiyo. Mwishoni mwa karne ya 5 KK fundi stadi alilipwa takriban drakma moja kwa siku. Hata ujira ulipopanda karne iliyofuata, faini hiyo ilibaki jasho la mwaka na zaidi. Swali ninalojiuliza ni kwa nini waliweka moja ya tano na si nusu. Wangeweka nusu, kila aliyeshindwa kesi angeadhibiwa, na baada ya miaka michache asingebaki mtu wa kuthubutu kuhoji hoja ya mkubwa. Wasingeweka kiwango chochote, mahakama zingejaa wazushi. Wakachagua mahali ambapo mtu anaweza kushindwa na bado akarudi nyumbani na heshima yake, kwa sababu waamuzi 101 kati ya 501 waliona ana neno. Ni pale wanne kati ya kila watano wanapomkataa ndipo anapolipa. Naona hapo akili ya watu waliojua kwamba kuna kesi dhaifu yenye haki ndani yake na kuna kesi ya chuki tupu, na kwamba hizo mbili hazistahili adhabu moja. Huo si mji wa watoto.

Ukitaka kuona uzito wa dhamana hiyo kwa macho, kuna usiku mmoja wa mwaka 339 KK ambao mlumbi Demosthenes aliusimulia baadaye mbele ya waamuzi. Ilikuwa jioni. Mjumbe akawafikia viongozi wa zamu wakiwa mezani: Philip, mfalme wa Makedonia, ameshika mji wa Elateia, na njia ya kuja kusini iko wazi. Waliacha chakula, wakawafukuza wachuuzi kutoka vibandani sokoni, wakaagiza majemadari na mpiga tarumbeta waitwe. Mji mzima ukavurugika usiku ule. Alfajiri baraza lilipoitwa, watu walikuwa wameshapanda kilimani na kukaa. Habari ikatangazwa, mjumbe akarudia maneno yake, mpiga mbiu akauliza nani anataka kusema. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara nyingi, na majemadari wote wapo, na walumbi wote wapo.

Kama ulumbi ulikuwa biashara ya kusifia umma na kuvuna makofi, asubuhi ile ilikuwa na wasikilizaji wengi na wenye njaa ya neno. Mbona hakuna aliyeinuka? Kila mmoja pale alijua kwamba atakayesimama atatoa shauri la vita au amani, shauri hilo litabeba jina lake, na likienda vibaya atatafutwa yeye. Hatimaye alisimama Demosthenes, akashauri muungano na Thebes, jirani waliyekuwa hawapatani naye. Mwaka uliofuata muungano huo ulipigwa na Philip huko Chaeronea. Waathene wapatao 1,000 walikufa na 2,000 wakatekwa.

Ushahidi mwingine unatoka kwa maadui wa demokrasia wenyewe, na sijauona ukijibiwa vizuri. Mwaka 411 KK, mji ukiwa umechoshwa na vita na msiba wa Sicily, ambako jeshi lake lilikuwa limeangamia, kundi la wenye nacho lilipanga kunyakua madaraka. Liliitisha mkutano nje ya kuta, Kolonos, karibu kilomita mbili kutoka mjini. Kwa mujibu wa mwanahistoria Thucydides, jambo la kwanza lililopelekwa pale lilikuwa moja tu: Mwathene yeyote aruhusiwe kutoa hoja yoyote bila kuadhibiwa, na atakayemshtaki mtoa hoja kwa kuvunja sheria apewe adhabu kali. Baada ya hapo ndipo zikaja hoja nyingine, za kufuta nyadhifa na posho na kukabidhi mji kwa watu 400. Walijua kufuli iko wapi. Kusema bila kuulizwa, ambako masikioni mwetu kunasikika kama uhuru, ndiko kulikokuwa ufunguo wao.

Sasa upande wa pili, maana nao una hoja nzito.

Iliyo nzito kuliko zote imo katika kisa cha Mytilene, mwaka 427 KK. Mji huo ulikuwa umeiasi Athens na kushindwa. Waathene kwa hasira walipiga kura wanaume wote wazima wauawe, na merikebu ikaondoka na amri. Kesho yake walijuta, wakarudi kujadili. Mwanasiasa Cleon akasema kura ibaki ilivyo. Akasimama Diodotus, mtu tusiyemjua kwa jambo lingine lolote, akawapinga Cleon na hasira ya jana yake. Ndani ya hotuba hiyo, kama Thucydides anavyoiandika, aliwaambia wasikilizaji wake neno gumu: sisi tunaoshauri tunawajibishwa, ninyi mnaosikiliza hamuwajibishwi. Laiti aliyeshawishi na aliyekubali wangeumia sawa, mngeamua kwa makini zaidi.

Hapo Diodotus aligusa kidonda chenyewe. Dhamana yote niliyoisifia ilimwangukia anayesema, na mpiga kura akarudi nyumbani mikono mitupu. Habari za maangamizi ya Sicily zilipofika mwaka 413 KK, watu waliwakasirikia walumbi walioshabikia safari ile, na Thucydides anaongeza kwa uchungu: kana kwamba wao wenyewe hawakuipigia kura. Sheria ya kumshtaki mtoa hoja iliweza basi kuwa njia ya umma kunawa mikono. Iliweza pia kuwa fimbo ya mahasimu, kwa kuwa kesi nyingi zilikuwa ugomvi wa siasa uliovalishwa joho la sheria. Na mbele ya umati ulioghadhibika ilivunjika. Mwaka 406 KK majemadari walioshinda vita vya baharini vya Arginusae walituhumiwa kuwaacha mabaharia wao wazame katika dhoruba. Callixenus alitoa hoja wahukumiwe wote kwa pamoja, kwa kura moja. Euryptolemus na wenzake wakaipinga hoja hiyo kwa shtaka hili hili. Umati ukapiga kelele kwamba ni balaa kubwa umma kuzuiwa kufanya upendalo, na wao wakatishiwa kuhukumiwa pamoja na majemadari. Wakaliondoa shtaka. Katika viongozi wa zamu alikataa Socrates peke yake. Majemadari 6 waliokuwapo mjini wakauawa.

Sina namna ya kuipamba siku hiyo. Naona tu kwamba kilichowaua majemadari kilikuwa kuachwa kwa kanuni, na si kanuni yenyewe. Kwa Mytilene nako sina furaha kamili. Hoja ya Diodotus ilishinda kwa kura chache, merikebu ya pili ikaifukuza ile ya kwanza iliyotangulia kwa karibu siku nzima usiku na mchana, wapiga makasia wakila unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku mikono ikivuta, wakilala kwa zamu. Walifika kamanda akiwa amekwisha kuisoma amri ya kwanza. Mji ukapona. Lakini wakuu wa uasi, ambao Thucydides anasema walizidi 1,000, waliuawa kwa hoja ya Cleon.

Hata hivyo sikubali hitimisho la Plato kwamba tiba ya yote hayo ni kumwondoa mlumbi na kumwachia mwenye hekima aamue. Mwenye hekima wa Plato hashtakiwi na mtu. Waathene walichagua njia nyingine: baada ya Arginusae walijuta na kuagiza waliouhadaa umma washtakiwe, Callixenus akiwamo. Alitoroka kabla ya kesi, akarudi baadaye mambo yalipotulia, na mwanahistoria Xenophon anaandika kwamba alikufa kwa njaa, akichukiwa na kila mtu. Mzigo haukugawanywa sawa, Diodotus alisema kweli. Lakini ulibebwa na mtu aliyeomba mwenyewe kuubeba alipopanda jukwaani.

Kipimo halisi kilikuja mwaka 330 KK. Ctesiphon alikuwa ametoa hoja Demosthenes avikwe taji la dhahabu kwa utumishi wake, na Aeschines akamshtaki kwa graphe paranomon. Katika vipengele vya sheria Aeschines alikuwa na hoja: afisa hakupaswa kuvikwa taji kabla ya hesabu zake kukaguliwa. Lakini kila mtu alijua kwamba kinachohukumiwa ni asubuhi ile ya Elateia na shauri lililoishia Chaeronea. Demosthenes hakusema kwamba shauri lake lilifaulu. Alitofautisha watu wawili. Mshauri hutoa neno lake kabla ya tukio, akajiweka chini ya hukumu ya aliowashawishi, ya bahati, na ya yeyote atakaye. Mzushi hunyamaza inapopasa kusema, na mambo yakiharibika ndipo anaposhika lawama. Ulikuwapo siku ile, akamwambia Aeschines kwa maana hiyo, na hukuinuka.

Waamuzi wale walikuwa watu wa mji ulioshindwa. Miaka 8 tu ilikuwa imepita tangu vita, na ni vigumu kuamini kwamba hawakuwamo baba au ndugu wa wafu wa Chaeronea. Maji ya saa iliyopima muda wa hotuba yalipokwisha kutiririka, walipiga kura. Aeschines hakufikisha moja ya tano. Aliondoka Athens, na inasimuliwa kwamba aliishia Rhodes, akifundisha ulumbi.