Mama mdogo hayumo kwenye orodha

Ujumbe uliingia saa saba usiku, nikiwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Georgia, Marekani. Tanga ilikuwa saa mbili asubuhi. Kaka yangu hakuandika mengi: "Mama mdogo ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri." Nikahesabu kwa vidole. Baada ya adhuhuri kwao ni alfajiri kwangu, kabla hata sijavua sare. Hakuna ndege ya kuwahi mazishi kama hayo, na sisi maiti hatumlazi. Nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kumgeuza ubavu mzee wa chumba cha mwisho, kwa kuwa saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Asubuhi nikapita ofisi ya utumishi. Dada wa pale hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, akafungua kompyuta, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia ni mdogo wake mama. Akasoma orodha: mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Siku tatu. Akaisoma tena kana kwamba mara ya pili ingerefuka. Mdogo wake mama hakuwemo. "Alikulea kisheria?" akauliza. Alinilea, ndiyo, lakini kisheria ni karatasi, na mama mdogo hakuwahi kupewa karatasi yoyote ya kunilea. Nani angempa, na ya nini?

Kabla hamjaanza kuitukana Marekani, ngojeni. Ni kweli sheria ya kazi ya shirikisho hapa haimlazimishi mwajiri wa kawaida kukupa hata siku moja ya msiba. Lakini sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, ilivyoandikwa, inatoa siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu. Mama mdogo naye hamo. Tofauti ni kwamba nyumbani ningesema "nimefiwa na mama" na bosi angenyanyuka kitini kunipa mkono. Kiswahili kilishamaliza kazi ambayo sheria haikuifanya.

Nasema haya kwa sababu wiki ile ile binti yangu, ana miaka 15, alikuwa katikati ya tamthilia ya The Vampire Diaries, na mimi nikawa nakaa naye kwenye kochi kwa vile usingizi wa mchana ulinikataa. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2009, ikaisha Machi 2017, misimu 8. Mji wake wa Mystic Falls ni wa kubuni, umewekwa Virginia, ila picha nyingi zilipigwa Covington, hapa hapa Georgia, na watu bado wanakuja kupiga picha mbele ya mnara wa saa wa mahakama. Nilishampeleka binti huko kiangazi kimoja. Nilidhani ni hadithi ya wasichana kugombewa na wanaume wazuri wenye meno marefu. Hiyo imo tele, sikatai. Lakini chini yake kuna msiba tangu dakika za mwanzo.

Elena, msichana mkuu wa hadithi, ana miaka 17. Wazazi wake wamekufa gari lilipotumbukia mtoni kwenye daraja, naye alikuwa ndani ya gari hilo, akaokolewa. Siku ya kwanza ya shule anajiandikia kwenye daftari kwamba leo atatabasamu, atawajibu watu wote kwamba hajambo. Mdogo wake, Jeremy, anavuta bangi na kugombana na watu. Na anayewalea ni Jenna, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye bado hajamaliza tasnifu yake, hajui apike nini wala aadhibu vipi. Jenna ni mdogo wake mama yao.

Nilikaa wima hapo. Ile familia nzima inamwita Jenna kwa jina lake, kama jirani. Kwa watu wa pale ni shangazi tu, neno lile lile wanalompa dada wa baba na mke wa mjomba na wakati mwingine rafiki wa mama. Nikawa namwambia binti, "Huyo ni mama yao mdogo," naye ananijibu, "Mama, ni aunti." Tukabishana hivyo mpaka msimu wa pili, Jenna alipouawa katika kafara iliyofanywa na adui yao, Klaus, na watoto wakafiwa na mama mara ya pili ndani ya mwaka na kitu. Sikumwona mtu yeyote mle ndani aliyeuhesabu msiba ule namna hiyo. Mimi niliuhesabu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Katika tamthilia ile, vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunywa damu ya watu, akizidiwa na uchungu anaweza kuuzima utu wake. Wanasema hivyo hivyo, kama swichi ya taa. Unabonyeza, hulii tena, hujuti tena, unakula watu. Jeremy anapouawa msimu wa nne, mwaka 2013, Elena mwenyewe ameshakuwa vampaya. Kwanza anakataa kabisa kwamba mdogo wake amekufa. Anasubiri ainuke. Kisha inamwingia, anaanza kumwaga mafuta nyumba nzima, na hapo Damon, vampaya anayempenda na ambaye neno lake kwa wakati ule Elena hawezi kulipinga, anamwambia azime. Anazima. Uso unakauka mbele yako. Anawasha kiberiti nyumba ya wazazi wake, na maiti ya mdogo wake ikiwa ndani, anatoka nje kama mtu aliyesahau kitu kidogo dukani.

Binti alishika mdomo. Mimi nilikuwa naukumbuka ule uso. Ni uso wangu saa saba usiku, ninamgeuza mzee ubavu.

Kila mhamiaji anaijua swichi hiyo na hakuna anayeisema. Unafiwa kwa simu, unalia chooni dakika nne, unanawa, unarudi kazini. Unatuma rambirambi kwa njia ya simu na ukituma kubwa zaidi unajisikia umelia zaidi. Ukipigiwa video wakuonyeshe watu walivyojaa, unaona turubai, unaona migongo, mtandao unakatika. Miezi sita baadaye unamfokea mtoto kwa sababu ya kijiko sinkini na hujui hasira imetoka wapi. Wanaotazama tamthilia ile wanaona swichi ni ndoto ya kubuni. Mimi naiona ni taarifa ya habari.

Yupo Caroline pia, na huyu ndiye niliyempenda kuliko wote, ingawa mwanzoni nilimwona kelele tupu. Anaanza akiwa msichana wa mapambo na kamati za sherehe, anamwonea wivu rafiki yake Elena kwa kila kitu. Anageuzwa vampaya msimu wa pili na, ajabu, huko ndiko anakokua: anajifunza kujizuia, anakuwa mtu wa kutegemewa kuliko wote. Kisha mama yake, afisa wa polisi wa mji, anapata saratani. Caroline anajaribu kumponya kwa damu yake na saratani inazidi kasi. Baada ya maziko anazima utu wake, lakini kwa utaratibu wa Caroline: anawaambia marafiki wamwache mwaka mmoja tu na hatamdhuru mtu. Ameupangia uchungu tarehe ya kurudi! Nilicheka na machozi yakanitoka. Mara ngapi nimejiambia nitalia nikipata likizo.

Hapa mtaniambia nyumbani hakuna swichi, nyumbani kuna watu. Nilikuwa nadhani hivyo mpaka nilipokaa na binti kwenye lile kochi.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka 14. Nyumba ilijaa kabla jua halijapanda. Wanawake ndani kwenye majamvi, wanaume nje chini ya turubai, masufuria ya kuazima, mashehe, hitma. Kila aliyeingia alinikumbatia, akalia kidogo begani kwangu, kisha akanishika mashavu akaniambia: jikaze, wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakuangalia. Nilihesabu mpaka ishirini na kitu, nikaacha. Wanaume wakabeba jeneza, sisi wanawake tukabaki, kama ilivyo kwetu. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Arobaini ikaja ikapita. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jina la mama mbele yangu, na walifanya hivyo kwa wema, wasinitoneshe. "Jikaze" wa watu ishirini ni kidole cha Damon kwenye swichi. Tofauti ni kwamba Damon alibonyeza mara moja.

Ndiyo maana nakiri jambo ambalo shangazi zangu hawatalipenda: nilimwonea wivu yule msichana wa kubuni. Katika sehemu ya kwanza kabisa Elena anakwenda makaburini peke yake, anakaa karibu na kaburi la wazazi wake, anaandika kwenye daftari. Miaka 17, peke yake, na hakuna anayemwambia akakoshe vyombo. Mimi kaburi la mama nililiona nikiwa mtu mzima. Hakuna aliyewahi kunipa daftari wala kuniuliza swali. Tamthilia ile inampa kijana misimu kadhaa ya kuomboleza, inamruhusu akosee, awe mkali, achague wanaume vibaya, na bado inasema hii yote ni msiba, mfuateni polepole. Kumbuka mwisho wa msimu wa tatu, 2012. Gari limetumbukia tena kwenye daraja lile lile, na Elena anamwashiria Stefan, vampaya yule yule aliyemwokoa mara ya kwanza, amtoe kwanza rafiki yao Matt. Usiku ule wa wazazi wake baba ndiye aliyekataa kuokolewa kabla ya binti. Mtoto amefanya alichofanya baba. Hakuna hotuba, ni ishara ya mkono ndani ya maji. Huko ndiko ninakoita mhusika kukua, na waandishi walisubiri misimu mitatu kutuonyesha.

Lakini hapo hapo ninawalaumu. Mji ule una sherehe kila wiki: siku ya waasisi, shindano la warembo, dansi za shule. Jenna akishazikwa, nani analala na watoto wale? Mwalimu wao wa historia, Alaric, aliyekuwa mpenzi wa Jenna, analala kwenye kochi kwa muda, mwenyewe amevunjika na chupa mkononi. Yule mlevi wa kochini ndiye matanga pekee niliyoyaona katika misimu 8. Na wafu wao wanarudi mno. Jeremy mwenyewe anarejea, kwa hiyo ile nyumba iliungua bure. Buffy the Vampire Slayer, tamthilia nyingine ya vampaya ya kizazi kilichotangulia, ilikuwa na ujasiri zaidi: Februari 2001 mama yake Buffy alikufa kwa mshipa uliopasuka kichwani, bila jini wala mchawi, sehemu nzima haina muziki wa kusindikiza, na hakurudi. Mle ndani kuna Anya, aliyeishi zaidi ya miaka elfu akiwa pepo wa kisasi na ndio kwanza anajifunza ubinadamu, anauliza wafanye nini, wanatakiwa waweje, kwa nini mtu hawezi kurudi tu ndani ya mwili wake. Wenzake wanamkasirikia. Mimi nilikuwa Anya kwenye mazishi yangu ya kwanza ya Kimarekani: jeneza wazi, maua, hotuba za kuchekesha, saa nane mchana kila mtu kwenye gari lake, na mjane akafungua mlango wa nyumba mwenyewe. Nilisimama kwenye ngazi nisijue kama niondoke.

Mama mdogo angeingia. Angevua viatu. Baada ya mama kufa, watu walipotawanyika, yeye hakutawanyika. Alihamia chumbani kwangu, akalala kitanda kimoja nami tangu arobaini mpaka Ramadhani iliyofuata. Hakunihubiria, wala hakuniambia nijikaze. Alinisuka kila Ijumaa, na alivuta nywele vibaya kama alivyokuwa akivuta mama, nikapata kisingizio cha kulia.

Jumapili tulirudi nyuma, binti ndiye aliyetaka, tukaangalia tena maziko ya Jenna. Elena na Jeremy wanaweka maua makaburini. Binti akasimamisha picha.

"Huyo nani wao, Mama?"

Nilidhani ananichokoza. "Wewe si ulisema aunti."

"Mama yao mdogo," akasema, akalitamka taratibu. Kisha akauliza, "Na wako, alikuwaje?"

Alimjua kwa video tu, uso karibu mno na kamera, sauti ikikatika. Nikaanza na nywele. Nikaeleza alivyokuwa ananibana kichwa katikati ya magoti yake, mafuta ya nazi, kitana kilichovunjika meno mawili ambacho hakukubali kukitupa. Binti akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni, akaniegemezea kichwa. Runinga ikatuuliza kama bado tunatazama. Hakuna aliyeinuka kuitafuta rimoti.